Saloni ya Kijani ya Mama Ursule

Ukivuka mto toka upande wa Makiso, ukashuka toka pirogi, ule mtumbwi wa kuvushia watu, pale Lubunga na kuuliza nyumba ya Mama Ursule, hakuna atakayekuuliza Ursule yupi. Watakuambia: ile yenye saloni, yaani sebule, ya kijani. Na si kijani cha mchezo. Ni kijani cha mashua, ile rangi nzito ya mafuta ambayo watu wa bandari wanapaka kwenye mbavu za mashua za mbao zinazoshuka hadi Isangi na mizigo, ili maji yasizile. Ikikauka inang'aa, unaweza kuchana nywele mbele yake.

Kuta nne zote zilikuwa hivyo, toka sakafuni mpaka chini ya bati. Marehemu mume wake, Papa Évariste, alikuwa mpaka rangi wa mashua maisha yake yote. Walipomaliza kujenga nyumba alileta mabaki ya rangi toka kazini, akavua shati, akapaka saloni kwa mkono wake mwenyewe huku anaimba. Évariste akafa. Saloni ikabaki.

Wengi walijaribu kumwambia Mama Ursule kwamba ile ni rangi ya chombo cha majini, haikai ndani ya nyumba ya Mkristo. Jibu lilikuwa moja. "Nyumba iko yako? Basi funga kinywa." Padri alijibiwa hivyo, kwa heshima kidogo. Mkuu wa avenyu alijibiwa hivyo bila heshima. Mama Adèle, jirani wa ukuta kwa ukuta, alijibiwa mara nyingi mpaka akawa anamalizia mwenyewe: "Najua, najua, nifunge kinywa."

Ndani ya saloni hiyo Mama Ursule alimlea mjukuu wake Laurette, tangu siku mama yake alipomwacha duniani angali mtoto wa kubebwa mgongoni. Alimlea kwa samaki wa moshi, pondu ya majani ya muhogo, na liboke, samaki wa kufungwa ndani ya majani na kuwekwa juu ya makaa. Kila asubuhi msichana alikwenda shule ananukia moshi, na aliyemcheka alikuta Mama Ursule anamngojea njiani. Sasa Laurette amekuwa mwanamke, anashona nguo, anacheka kwa sauti. Na amepata mchumba. Kijana anaitwa Merdi, anatengeneza simu sokoni Mangobo, mpole, anakula vizuri. Mama Ursule alimpima kwa hicho cha mwisho, akamkubali.

Basi ikafika siku ya ile ziara ya kwanza, ambayo watu wanaiita kwa Kilingala kanga lopango, kufunga ua. Familia ya mvulana inakuja kusema huyu msichana tumeshamwona, wengine wapite mbali. Aliyewaongoza alikuwa Tante Florentine, shangazi yake Merdi, ndiye aliyemlea, na pale kwao neno lake ndilo linalofunga mlango au kuufungua. Mwanamke mkubwa, kilemba kirefu, maneno machache.

Mvua ilinyesha siku ile mfululizo. Mama Ursule akafunga mlango mkubwa ili maji yasiingie, wakabaki na mwanga wa dirisha tu. Wageni wakaketi kwenye viti vilivyopangwa ukutani. Liboke ikaletwa, kwanga, mkate wa muhogo, ikaletwa, Laurette akapita na maji ya kunawa. Tante Florentine akamwangalia yule msichana usoni. Akamwangalia tena. Akaacha kula. Watu wake pia, na tonton wa Merdi, mjomba wake, aliyekaa pembeni, wakaanza kuangaliana, na mvua ilipopungua tu wakasimama, wakashukuru harakaharaka, wakaenda zao kivukoni na chakula bado kiko mezani.

Mama Ursule hakukasirika. Aliwahurumia.

"Uliona ile tante?" alimwambia Laurette wakiosha sahani. "Masikini ya Mungu. Ile ni ini. Sura yote iko kama pondu ya jana."

"Niliona, Koko," akajibu, maana hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake. "Na ule tonton wa pembeni, nilifikiri anaanguka."

"Tuwaombee."

Wakawaombea kweli. Rozari nzima, kwa jina la Florentine.

Baada ya siku chache Merdi akaja peke yake. Alikaa kwenye ngazi, hakuingia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Koko, tante amekataa."

"Amekataa nini?"

"Laurette. Anasema mutoto iko mugonjwa wa damu. Anasema aliona kwa sura na kwa macho."

Hapo ni lazima kueleza, maana Tante Florentine hakuwa mwanamke mbaya. Mke wa mtoto wake wa kwanza alikuwa na ule ugonjwa wa damu unaofanya macho kuwa ya njano na mifupa kulia usiku. Alimuuguza mwenyewe, alimzika mwenyewe. Tangu hapo alikuwa anaangalia macho ya kila msichana kama mtu anayechagua mayai sokoni.

"Lakini tulipima!" Laurette alisema toka ndani. "Sisi wawili, kabla ya yote. Daktari alisema hakuna kitu!"

"Nilimuambia," Merdi akajibu. "Anasema mashine inaonaga yake, na yeye anaonaga yake. Nimelia mbele yake. Mwisho amesema atakuja mara moja tena, siku ya posho ijayo, Jumamosi. Akikuta sura ni ileile, ni basi. Na mimi siwezi kuoa juu ya kichwa chake, ni yeye alinilea."

Laurette alikaa chini palepale, na lile cheko lake lililokuwa linasikika mpaka kwa Mama Adèle likakauka. Kwa Mama Ursule hilo lilikuwa baya kuliko tusi. Tusi angelijibu.

"Mugonjwa!" akapiga kelele. "Yeye mwenyewe mwenye sura ya pondu ananiitia mutoto wangu mugonjwa? Kesho navuka."

Akavuka. Alijifunga kitenge chake cha sikukuu, akapanda pirogi, kisha akapanda toleka, baiskeli ya abiria, akiwa amekaa nyuma ya kijana wa watu wima kama askofu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na maneno ya kuanzia, maneno ya katikati, na moja la mwisho ambalo Florentine asingelisahau.

Alifika sokoni Mangobo, akaonyeshwa pale Tante Florentine anapouzia mawese. Akasimama nyuma ya rundo la kwanga ili apumue kwanza. Akachungulia.

Yule mwanamke alikuwa amekaa juani, anacheka na mteja. Uso wake ulikuwa mwekundu wa kahawia, unang'aa kama karanga iliyotolewa kwenye sufuria sasa hivi. Macho meupe safi. Mashavu yamejaa. Mgonjwa gani huyo? Huyo angeweza kuzika ukoo mzima wa Lubunga na kubaki na nguvu za kuimba.

Mama Ursule akasahau maneno yote, ya kuanzia na ya mwisho. Aligeuka, akarudi kivukoni. Ndani ya pirogi alikuwa anajiuliza kitu kimoja: yule mtu niliyemuona kwangu, na huyu niliyemuona leo, ni mmoja. Ni nini kimebadilika? Hakuugua, hakupona. Amehama tu toka kiti changu hadi kiti chake.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu.

"Laurette! Toka kwa lopango, simama hapa kwenye mwanga."

Laurette akatoka nje, uani. Ngozi yake ilikuwa nzuri, ya moto, kama chungu kipya.

"Ingia kwa saloni. Kaa pale Florentine alikaa."

Laurette akaingia. Na Mama Ursule, akiwa mlangoni, akaona rangi inamtoka mtoto hatua kwa hatua, kama mtu anayezamishwa kwenye maji ya bwawa. Midomo ikawa ya kijivu. Weupe wa macho ukaingia unjano.

"Toka."

"Koko…"

"Toka! Ingia tena. Toka. Ingia."

"Koko, umekunywa nini kule Mangobo?"

Mama Ursule akaingia mwenyewe, akaweka mkono wake juu ya ukuta wa Évariste. Ulikuwa mkono wa maiti.

Alikaa. Akaangalia dirisha. Zamani dirisha lile lilikuwa linaona mto na mbingu, mwanga ulikuwa unaingia mweupe, mwingi, na kijani kile kilikuwa kinacheka. Kisha Mama Adèle akapanda migomba upande wake wa ukuta. Migomba ikanenepa. Sasa mwanga wote unaoingia unapita kwanza kwenye majani, unaingia umekwisha kuwa kijani, unaanguka juu ya kijani, ukuta huu unaurusha kwa ukuta ule, na mtu aliye katikati anaogeshwa kijani pande zote. Mlango ukiwa wazi, afadhali kidogo. Mlango ukifungwa, kama siku ile ya mvua, hakuna mzima.

"Adèle!" aliita kupitia dirishani. "Kata hii migomba!"

"Ikizaa!" jibu likatoka nyuma ya majani. "Na wewe, lopango iko yako? Basi funga kinywa!"

Alikuwa ameingoja siku hiyo muda mrefu, Adèle.

Basi ilibaki ukuta. Mama Ursule alizunguka ndani ya saloni yake mpaka jua likashuka, anagusa hapa, anagusa pale. Huku ni mjukuu. Huku ni mkono wa Évariste, maana hata alama za burashi yake zilikuwa bado zinaonekana pembeni mwa mlango, pale alipokuwa anachoka na kuvuta vibaya. Kesho yake akaenda kumtafuta Ruffin.

Ruffin alikuwa mwenzake Évariste kazini, mzee mwembamba mwenye kofia iliyojaa matone ya rangi za mashua zote za mto. Alisikiliza mambo yote, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ursule, hata sisi kwenye mashua hatukupakaga kijani ndani ya kabini! Nje, ndiyo. Chini, nyekundu, juu, kijani, hapo inapendeza kwa mbali. Lakini ndani batu wanalala, wakiamka wakaangaliana na sura ile, si wataruka kwa maji?"

"Évariste alipaka ndani," akasema kwa ukali. "Unataka kusema Évariste hakujua kazi?"

Ruffin akaacha kucheka.

"Évariste hakumaliza kazi. Hukujua? Alitaka kijani ibaki chini tu, mpaka kwa kiuno, pale watoto wanachafua na viti vinakwaruza. Juu alitaka rangi ya mwanga. Lakini siku ile kulikuwa kijani tu, akasema niifunike yote kwanza, ukuta usioze, nikipata ingine nitamalizia. Halafu wewe ukaingia ukaona inang'aa, ukasema hakuna mutu ataigusa. Alirudi kazini anacheka. Alisema, bon, muke wangu amefunga chantier, kazi imesimama."

Mama Ursule akapumua, pumzi ndefu iliyotoka mbali, kama mtu aliyetuliwa gunia la mihogo kichwani. Kumbe hataifuta kazi ya Évariste. Ataimalizia.

"Alors, unangoja nini?" akamwambia. "Lete papier-verre yako."

Walianza na kusugua kwa msasa, maana rangi mpya haishiki juu ya kitu kinachoteleza. Ruffin alisugua, Laurette alisugua, Merdi aliitwa naye akasugua mpaka nyusi zake zikawa za kijani. Walichora mstari kwenye usawa wa kiuno: chini yake kijani kibaki, juu yake ipakwe rangi ya maji nyeupe. Mama Ursule aliitaka nyeupe mwenyewe. Nyeupe ni safi, alisema, nani atabisha nyeupe?

Wakapaka. Akamketisha Laurette. Bado mgonjwa. Si kama kwanza, lakini kama mtu anayetoka hospitali.

"Si nilikuambia?" Ruffin akasema.

"Hukuniambia kitu."

"Nilitaka kukuambia, ukanikata. Nyeupe inachukua chochote inapewa. Majani yanaipa kijani, inakuwa kijani. Dawa ya kijani ni nyekundu. Kidogo tu. Nyekundu inaimeza."

Hilo Mama Ursule alilielewa mara moja, maana ni mambo ya jikoni. Samaki akinuka tope unatia ndimu. Hutafuti samaki mwingine. Ruffin akatoa kichupa cha rangi nyekundu kali ya kuchanganyia, akadondosha tone ndani ya ndoo ya nyeupe, akakoroga na fimbo. Akaongeza. Akatia na njano kidogo ili isiwe rangi ya pipi. Ikatoka rangi fulani ya ndani ya ganda la karanga, ya joto, hafifu.

Walipaka siku ya Ijumaa nzima. Na ukuta ulipokuwa bado mbichi, Mama Ursule akarudi nyuma, akaukunjia uso.

"Ni dhaifu. Ongeza nyekundu."

"Inatosha. Ikikauka itakolea."

"Kesho wanakuja, Ruffin! Minasema ongeza!"

"Ukiongeza, kesho batu wote watakuwa kama wametoka kwa moto. Kijani huko chini na nyekundu juu yake vitapigana, hutaweza kukaa katikati."

"Nyumba iko yako?"

"Hapana, Mama. Lakini burashi ni yangu."

Akakusanya vitu vyake, akaenda. Mama Ursule akangoja apotee njiani, kisha akaenda kutafuta kile kichupa ili aongeze mwenyewe. Alitafuta nyuma ya ndoo, chini ya meza, ndani ya magunia. Hakuna. Mzee aliondoka nacho mfukoni. Alimjua Ursule tangu zamani. Alilaaniwa usiku ule mpaka wajukuu wake ambao hawajazaliwa.

Jumamosi asubuhi hewa ilikuwa nzito, ukuta haujakauka vizuri. Mama Ursule akachoma makaa, akaweka majiko mawili katikati ya saloni, akakaa nayo akipepea kama anachoma ukuta liboke. Na polepole, bila mtu kuona ni saa ngapi, rangi ikaanza kukolea. Ikashuka, ikatulia. Kijani kule chini, kilichokuwa kinapiga kelele peke yake miaka yote hii, kikawa kama kimepata mtu wa kuzungumza naye.

Hakuamini macho yake, akataka ya wengine. Alisimama mlangoni akakamata kila aliyepita. Muuza mkate aliketishwa kitini na mkate wake kichwani. Mwalimu wa kwaya aliketishwa. Mwisho akaja Mama Adèle, aliyekuwa amechungulia toka asubuhi.

"Kaa pale."

"Mi sina ugonjwa."

"Kaa!"

Adèle akakaa. Mama Ursule akamwangalia, kichwa pembeni. Mlango akaufunga kabisa, kama siku ya mvua, majani yakabaki peke yake na dirisha. Adèle alikuwa pale kitini, mweusi mzuri, mashavu ya uhai, kama alivyokuwa siku ya harusi yake.

"Adèle," akasema. "Kumbe wewe uko muzuri hivi?"

"Miaka yote, Ursule. Ni saloni yako ilinificha."

Wageni walivuka mchana. Tante Florentine aliingia bila kutabasamu, akaketi kiti kilekile. Laurette akapita na maji ya kunawa. Merdi alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake. Mama Ursule alisimama karibu na mlango.

Tante Florentine akamshika Laurette kidevu, akakiinua kuelekea dirishani. Akaangalia macho. Akaangalia midomo, akageuza viganja vya mikono. Njiani muuza mkate akasikika anaita wateja.

"Huyu mutoto," Tante Florentine akasema polepole, "mulimupa dawa gani?"

Mama Ursule angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni maombi, na ingekubalika. Lakini hakuwa mtu wa kuacha mjukuu wake aolewe kama mgonjwa aliyepona.

"Hakuumwa hata siku moja. Ni ukuta uliumwa. Hata wewe, tante, ile siku ulikuwa hapo kwenye kiti, tulikuombea rozari nzima. Tulisema ini yako imekwisha."

Tonton wa pembeni akakohoa. Tante Florentine akageuka, akaangalia ule mstari wa kijani uliobaki chini, akaangalia dirisha na majani yake, akaangalia mikono yake mwenyewe, huku na huku.

"Mimi?" akasema. "Mulisema mimi?"

"Kama pondu ya jana."

Kile kilemba kirefu kikaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, kisha na sauti, mpaka akashika kifua.

"Na wewe, Mama Ursule! Kule kwa pirogi nilisema, huyu mama muzee hatafika Noeli. Nilisema tuharakishe, tusije tukakuta matanga!"

Hapo saloni nzima ikalegea. Merdi akainua kichwa. Tante Florentine akamvuta Laurette, akamketisha ubavuni mwake, mkono juu ya goti lake, na hakuutoa tena; akala liboke, akaomba ingine, akamwambia tonton aseme yale maneno ya kufunga ua, maana walikuwa wamechelewa vya kutosha. Na cheko la Laurette likarudi, likapita ukutani, likapita migombani, mpaka Adèle akalijibu toka kwake.

Walipokuwa wanasimama kwenda kivukoni, Tante Florentine akamvuta Mama Ursule pembeni.

"Mama, kwangu saloni ni bleu. Kali, ile ya milango. Mimi minaipenda sana. Lakini sasa minafikiri… muke wa mutoto wangu wa pili, minamuonaga kila siku kama mutu aliyezama. Namunyima hata kazi nzito."

"Na kwa jua iko namna gani?"

"Kwa jua," akasema Tante Florentine, akifikiri, "anabeba bidoni mbili za mawese."

Mama Ursule akamshika mkono, akampeleka hadi mlangoni, akamwonyesha Ruffin aliyekuwa amekaa chini ya paa la Adèle, kofia usoni, anajifanya amelala.

"Mwende na ule. Na akikuambia inatosha, umuache. Usitafute kichupa."